Walinzi wenye kunyamazishwa: kanseri ya taya ya watoto, toka milima ya Masisi mpaka pori la Walikale

Kuko kanseri moja ya watoto yenye kupenda inchi za joto na malariya. Ndani yake, jeni zenye kazi ya kulinda mwili hazikuvunjika zote: zingine zilifungwa mudomo tu. Kwa wazazi wa Masisi na Walikale, kuelewa ile tofauti kunaweza kuokoa mutoto.

Mutu mwenye kutoka Sake asubuhi na kupanda njia ya Masisi anavaa koti. Huko juu kuko ng'ombe, kuko viazi, kuko fromaji, na ukungu unachelewa kuondoka. Akiendelea upande jua linashukia, akipita Nyabiondo na kuanza kutelemuka kwenda Walikale, lile koti linaingia ndani ya muzigo. Pori linafunga njia pande zote mbili, miti ya mawese inaonekana, mito ya Oso na Lowa inapita na maji mengi, joto linapanda. Usiku, mbu wanaanza wimbo wao.

Kati ya hizi teritware mbili kuko tofauti yenye kila musukuma-chukudu anajua ndani ya magoti yake: urefu. Vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2000. Walikale, teritware kubwa kupita zote za Nord-Kivu, sehemu yake kubwa iko chini. Pale Walikale-centre mutu iko chini ya mita 1000. Na urefu haubadilishe tu koti na chakula. Unabadilisha pia magonjwa.

Tuchukue mufano, bila kutaja mutu. Kuko familia moja ndani ya kijiji cha pori. Muvulana wao wa miaka 6 anaamuka asubuhi shavu limevimba. Bibi yake anaangalia, anasema: "Iyi ni jino tu, itapita." Jirani anakataa: "Hapana, ni karuho, kuko mutu alimutegea." Wanapaka majani, haipone. Wanang'oa jino, haipone. Kisha siku 10, meno ya pembeni yanalegea yenyewe, yanacheza ku kidole. Kisha wiki tatu, uso wa mutoto umekuwa uso wa mutu mwingine, na jicho linaanza kusukumwa inje.

Hii haikuwa jino, wala karuho. Kwa mutoto wa umri huu, ndani ya inchi ya joto, munganga mwenye uzoefu anawaza mara moja limfoma ya Burkitt. Ni ugonjwa wa nadra: hata kule unapatikana sana, ni watoto wachache tu kati ya 100,000 kwa mwaka. Lakini unaenda mbio kupita karibu kanseri zote zenye kujulikana kwa binadamu. Uvimbe unaweza kukua mara mbili ndani ya siku moja ao mbili. Na kuko neno lingine lenye watu wengi hawajasikia: ni moja ya kanseri zenye kusikia dawa vizuri sana. Kati ya kufa haraka na kupona haraka, kinachoamua sana ni siku.

Munganga wa jicho moja na gari nzee

Jina Burkitt ni la munganga wa upasuaji, Denis Burkitt, mutu wa Irlande, mwenye alipoteza jicho moja akiwa mutoto. Alikuwa anatumika Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita kuangalia mutoto moja wa karibu miaka 5, mataya yake yote yamevimba, pande zote mbili, juu na chini. Nyuma ya muda mufupi, Jinja, Burkitt akaona mutoto mwingine na uvimbe wa namna ile ile. Mutu wa kawaida angesema ni bahati mubaya mara mbili. Yeye alianza kutafuta ndani ya vitabu vya hopitali, na mwaka 1958 akaandika habari ya watoto 38.

Kiisha alijiuliza swali la mutu wa njia: huu ugonjwa unaanzia wapi na unaishia wapi? Alituma barua na picha ku hopitali nyingi za Afrika. Mwezi wa 10 mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia ndani ya gari nzee ya Ford na kufanya wiki 10 na kilometa karibu 16,000, toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakisimama hopitali kwa hopitali. Kila fasi swali lilikuwa moja: "Mulishaona watoto wa namna hii?"

Waliporudi, ramani ilisema jambo la ajabu. Ugonjwa ulikuwa unaogopa baridi. Karibu na ikweta, ulipotea kupita urefu wa mita 1500 hivi. Mutu akienda kusini, kule baridi inashuka chini zaidi, mupaka nao ulishuka. Haukupenda pia inchi kavu zisizo na mvua. Joto na mvua: ilikuwa ramani ya mbu. Ilikuwa, karibu sawasawa, ramani ya malariya.

Ukiweka ile sheria ya Burkitt juu ya karta yetu, mustari unapita hapa hapa kwetu. Vilima vya Masisi vinabaki juu ya mustari, sehemu kubwa ya Walikale inabaki chini.

Chupa yenye ilipotea njia

Lakini malariya peke yake haitoshe. Kama ingetosha, karibu kila mutoto wa Walikale angeugua. Kipande kingine cha jibu kilitoka London. Mutafiti Anthony Epstein alikuwa amesikia Burkitt akisema habari ya watoto wa Kampala, tarehe 22 mwezi wa 3 mwaka 1961, na aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwisho wa 1963, sababu ya ukungu, ndege moja haikuweza kutua London, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika, imechelewa, maji yake yalikuwa ya mawingu. Mutu angeitupa, akiwaza imeoza. Epstein aliangalia: yale mawingu yalikuwa seli za uvimbe zenye kuwa hai, zenye kuogelea. Yeye na Yvonne Barr walizikuza, na Bert Achong akawasaidia. Mwaka 1964 waliona ndani yake virusi vyenye hakuna mutu aliviona mbele. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Musiogope kabla ya kusoma mustari unaofuata. Karibu watu wote wazima wa dunia, zaidi ya 9 kati ya 10, wanabeba vile virusi. Vinapita ndani ya mate. Kwetu, mutoto anavipata akiwa mudogo sana, mara nyingi bila kuugua kitu cha kuonekana. Vinaingia ndani ya seli fulani za damu zenye kutengeneza kinga, zinaitwa seli B, na vinalala humo maisha yote. Kwa watu karibu wote, vinalala kabisa.

Lakini utafiti mukubwa wa West Nile, ule upande wa Uganda wenye kupakana na Congo, uliongeza kitu. Damu ya watoto 42,000 ilichukuliwa na kuchungwa, kiisha watafiti wakangoja kuona nani ataugua. Mwaka 1978 walitangaza: watoto wenye walipata limfoma walikuwa, miaka mbele ya ugonjwa, na alama nyingi za kupigana na vile virusi kupita wenzao. Virusi havikuwa mugeni mwenye kufika kisha nyumba imeungua. Vilikuwa ndani mbele ya moto.

Freni yenye kufungwa na kamba

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Tutumie chukudu, sababu kila mutu wa Masisi anaelewa.

Chukudu yenye kubeba magunia ya viazi inatelemuka toka Masisi kwenda Sake. Mutelemuko wenyewe unasukuma. Kinachookoa kijana ni freni: kile kipande cha mpira chenye anakanyaga juu ya gurudumu ya nyuma. Chukudu inaweza kuua mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza, freni imekatika. Ya pili, freni iko nzima, mupira uko mupya, lakini mutu aliufunga na kamba, haushuke tena ku gurudumu. Mwenye kuangalia toka mbali anaona jambo moja tu: chukudu yenye kukimbia. Lakini kwa fundi, ni mambo mawili tofauti. Ya kwanza inaomba freni ingine. Ya pili inaomba kisu cha kukata kamba.

Kila seli ya mwili inabeba kitabu kimoja, kile kile, chenye herufi karibu miliari 3. Ndani yake kuko jeni karibu 20,000, ni kusema maagizo 20,000. Seli ya jicho na seli ya maini zina kitabu kimoja. Kama hazifanane, ni juu kila moja inafungua kurasa zake na kufunga zingine. Namna ya kufunga yenye kujulikana sana ni ya kubandika kitu kidogo kinaitwa metili, kaboni moja na haidrojeni tatu, juu ya herufi C kule inafuatwa na herufi G. Herufi hazibadilike. Hakuna neno lenye kufutwa. Ukurasa unafungwa tu, na seli haiusome tena. Elimu ya kuchunguza ile kufunga na kufungua inaitwa epijenetiki, na kazi ya kubandika inaitwa metilesheni.

Mwili unahitaji ile kazi kila siku. Bila yo, jicho lingetaka kufanya kazi ya maini. Hatari ni pale metili inabandikwa ku ukurasa wenye haukupaswa kufungwa: ule wa walinzi.

Walinzi ni jeni zenye kuzuia kanseri. Tutaje mbili. Moja inaitwa p16. Kazi yake ni kuambia seli: "Ngoja, usigawanyike sasa." Ingine inaitwa BIM. Kazi yake ni kali zaidi: kama seli imeharibika ao inakimbia ovyo, BIM inaiambia: "Kufa, usiharibu wengine." Mwaka 1995, watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani, walionyesha kama ndani ya kanseri za namna nyingi p16 haikukatika. Herufi zake zote zilikuwa pale, safi. Ilikuwa imefunikwa na metili. Freni nzima, lakini na kamba.

Na kamba inarizishwa. Kila mara seli inagawanyika, kuko protini yenye kazi ya kukopia zile metili ku kitabu cha seli mupya. Kwa hiyo seli moja yenye mulinzi wake alinyamazishwa inazaa mbili zenye walinzi walinyamazishwa, kiisha nne, kiisha nane. Hakuna hata moja inakumbuka kama kulikuwa mulinzi.

Virusi vilipita, kamba ikabaki

Ndani ya limfoma ya Burkitt, mutelemuko unajulikana. Kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kubandikwa fasi ingine, mara nyingi ku kromosomu ya 14. Pale kunakaa jeni moja inaitwa MYC, yenye kusukuma seli kugawanyika. Kwa kawaida inafanya kazi kidogo na kupumuzika. Ikihamishwa pale, haipumuzike tena. Chukudu imeingia ku mutelemuko mukali.

Lakini mwili haukulala. Seli yenye MYC inakimbia ovyo inapaswa kuitikiwa na BIM mara moja: "Kufa." Mbona haife?

Hapa virusi vya Epstein-Barr vinarudi. Mwaka 2009, watafiti wa Imperial College, London, walionyesha namna vile virusi vinafanya. Vinatumia protini zao mbili, EBNA3A na EBNA3C, kuita vyombo vya seli yenyewe na kufanya vifunge ukurasa wa BIM. Mwaka uliofuata walionyesha kama zile protini mbili zinafunga p16 vilevile. Virusi havina haja ya kuvunja mulango. Vinatumia funguo za mwenye nyumba.

Na kuko jambo lenye kushangaza kupita. Ndani ya uvimbe mwingi wa Burkitt, ukitafuta EBNA3A na EBNA3C, hauzipate. Virusi vilishaziacha, vimebaki na protini moja tu karibu, juu askari wa mwili wasivione. Vilijifunika na metili vyenyewe. Lakini metili yenye kubandikwa ku BIM imebaki. Ni sawa mutu mwenye alipita kijijini usiku, akafunga mudomo wa mulinzi na kitambaa, akaenda. Asubuhi munamutafuta, hayuko. Kitambaa kiko.

Si kila freni inafungwa na kamba ndani ya huu ugonjwa. Zingine zinakatika kweli: jeni ingine ya ulinzi, TP53, mara nyingi inavunjwa herufi zake. Kanseri inatumia njia zote zenye inapata. Lakini ile ya kamba inatufundisha kama seli ya kanseri si pepo, wala kitu cha kutoka inje. Ni seli ya mutoto mwenyewe, yenye sehemu ya sauti yake ilifungwa.

Na malariya, kazi yake ni gani?

Malariya inasukuma pande mbili. Kwanza, kimelea kinachoitwa Plasmodium falciparum, kile kibaya chenye kutawala kwetu, kinaamsha seli B mingi sana na kuzilazimisha kugawanyika. Ndani ya ile haraka, chombo cha seli chenye kukata na kutengeneza jeni za kinga kinafanya kazi kupita kipimo, na siku moja kinaweza kukata fasi mubaya: karibu na MYC. Pili, malariya ya kurudia rudia inachokesha askari wenye kuchunga virusi vya Epstein-Barr. Vile vyenye kulala vinaamuka, vinaingia seli zingine, na kufunga walinzi wengine.

Kimelea kile kinapenda joto. Chini ya digri 18 hivi, hakimalize kukua ndani ya tumbo la mbu. Njo maana baridi ya Masisi ilikuwa, bila mutu kujua, ukuta wa watoto wa kule juu.

Je, mutu akizuia malariya anazuia hii kanseri? Kule Mara, Tanzania, tangu 1977 mpaka 1982, watoto walipewa dawa ya chloroquine ya kuzuia malariya. Hesabu ya Burkitt ilishuka. Lakini ilikuwa imeanza kushuka mbele ya ile dawa, na nyuma yake ikapanda tena. Kwa hiyo ushuhuda haukuwa kamili. Tuseme hivi: mustikere haiwezi kuahidi kama mutoto hatapata kanseri. Lakini inazuia malariya yenyewe, yenye kuua watoto wengi zaidi sana kupita Burkitt, na inaondoa mukono moja kati ya ile yenye kusukuma chukudu. Chanjo ya malariya nayo ilianza kutolewa ndani ya inchi yetu mwezi wa 10 mwaka 2024, kuanzia Kongo-Central. Siku itafika huku, wazazi wasiikatae.

Sasa tuongeze vita. Miaka yote hii watu wa Masisi wanahama: wengine wanashuka Sake na Goma, wengine wanaingia pori la Walikale, wengine wanafuata kazi ya machimbo. Mwezi wa 3 mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre, na watu wakakimbilia pori. Mutoto mwenye kukulia ku baridi anafika ku mbu bila kinga ya mwili na bila mustikere. Hatusemi kama kukimbia kunaleta kanseri. Kinachomungoja kwanza ni malariya kali, na ile peke yake inatosha kuua. Lakini hatari ingine ya vita iko wazi: inafunga njia. Ugonjwa wenye kuhesabu siku unakutana na barabara yenye kuhesabu wiki.

Ile kamba, Goma iliisha ipima

Musomaji anaweza kusema: "Haya mambo ya metili ni ya Wazungu na mashini zao, yanatuhusu wapi?" Basi ajue kama kazi moja yenye kujulikana duniani juu ya metilesheni ilifanyika hapa kwetu. Watafiti wa chuo kikuu cha Florida, Connie Mulligan na wenzake, walitumika na hopitali HEAL Africa ya Goma. Walipima mama 25 na watoto wao wachanga, na wakauliza wale mama mambo yenye walipita: vita, kukimbia, kubakwa, shida ya kila siku. Mwaka 2012 walitangaza: pale mama alipita mateso mengi, mutoto mchanga alikuwa na metili nyingi zaidi ku jeni moja yenye kusaidia mwili kutuliza hofu, na kilo zake za kuzaliwa zilikuwa kidogo.

Ile haikuwa kanseri, na tusichanganye. Jeni ni ingine, seli ni zingine, na watu 25 ni kidogo. Lakini chombo ni kile kile: metili yenye kubandikwa ku ukurasa bila kubadilisha herufi. Maisha ya inje yanaandika ndani ya mwili. Hofu inaandika. Virusi vinaandika. Swali ni kama mutu anaweza kufuta.

Kisu cha kukata kamba

Jibu ni: kidogo, ndiyo. Tangu mwaka 1964 wakemia wa Prague walitengeneza dawa inaitwa azasitidini. Baadaye ilionekana kama inazuia ile protini yenye kukopia metili. Seli ikigawanyika na dawa ndani yake, kamba haikopiwe, na walinzi wengine wanaanza kusema tena. Marekani iliikubali mwaka 2004 kwa ugonjwa moja wa uboho wa mifupa wa watu wazee, na ndugu yake, desitabini, mwaka 2006. Hazikuwa ndoto. Watu waliishi zaidi sababu yake.

Lakini kwa mutoto wa Burkitt, hatuhitaji kungoja zile dawa. Na hii njo habari yenye gazeti linataka ifike mpaka ku kijiji cha mwisho. Dawa za Burkitt ziko za zamani na bei yake si ya ajabu: siklofosfamide, vinkristine, metotreksate, zile watu wanaita shimio. Huko Kampala, ndani ya miaka ya 1960, kuko watoto wenye uvimbe wao uliyeyuka kwa kipimo kimoja ao vichache vya siklofosfamide peke yake, na wakapona kabisa. Haiombe mashini ya miali. Karibu kila mara haiombe kupasua. Sababu ni ile ile yenye kufanya ugonjwa uwe mukali: seli zenye kugawanyika mbio ndizo dawa inazikamata kwa urahisi. Kwa inchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Kwa Afrika ni wachache zaidi, na sababu kubwa zinajulikana: wanafika wamechelewa, ao dawa inakatika katikati, ao familia inaishiwa feza na kurudi nyumbani. Tangu mwaka 2000, kundi la waganga wa Afrika na Ufaransa lenye kuitwa GFAOP linafundisha waganga wa inchi zenye kusema Kifaransa kutibu kanseri za watoto, na Burkitt iko kati ya zile za kwanza.

Nini ya kufanya

Baba, mama, angalieni hizi alama. Taya ao shavu lenye kuvimba upesi, bila joto la jino. Meno ya mutoto yenye kulegea mengi pamoja. Jicho lenye kusukumwa inje. Tumbo lenye kukua haraka, ngumu ku mukono. Miguu yenye kuanza kukosa nguvu. Ugonjwa unashika sana watoto wa miaka 4 mpaka 9 hivi, wavulana kupita wasichana.

Musing'oe meno. Musichanje na wembe. Musipoteze wiki kutafuta nani alimutegea. Hautoke kwa mutu kwenda kwa mutu: ndugu zake wanaweza kulala naye, kula naye. Pelekeni mutoto ku centre de santé siku ile ile.

Na nyinyi ba infirmier wa centre: kama kinywa kimevimba na antibiotiki ya siku chache haijasaidia, musiandike ingine. Hata pale hamuna uhakika, tumeni mutoto ku hopitali jenerali ya référence, na barua, na tarehe uvimbe ulianza. Kule sindano nyembamba inaweza kuchukua seli kidogo. Chini ya mikroskopi, Burkitt ina sura yake: seli nyeusi zenye kubanana, na kati yake madoa meupe. Waganga wanaiita anga yenye nyota. Kiisha mutoto anapelekwa ku hopitali kubwa ya muji. Dawa ya kwanza haitolewe nyumbani wala ku poste de santé, juu uvimbe ukiyeyuka kwa mara moja unaweza kufunga figo. Lazima maji ya mushipa na uangalizi.

Na nyinyi wenye kuongoza njia, wenye silaha na wenye mihuri: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa 1 mwaka 2025. Barriere moja yenye kushikilia mutoto siku mbili ni uvimbe wenye kukua mara mbili. Hiyo ni hesabu, si siasa.

Turudi kwa yule muvulana wa miaka 6. Ndani ya seli zake zenye kukimbia, kuko walinzi wenye kuwa hai bado, herufi zao ziko nzima, midomo yao imefungwa. Sayansi ingali inatafuta kisu kizuri cha kukata ile kamba. Lakini kusimamisha chukudu yake, dawa ya zamani inatosha, kama inamukuta juu ya kilima, hapana chini ya bonde.